Kompyuta Ikichora Galaksi, Tunajuaje Kama Imepatia?

Swali: Ninafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita hapa Mpwapwa. Niliwaonyesha wanafunzi picha mbili za galaksi, moja ya darubini na nyingine iliyotengenezwa na kompyuta, nikawauliza ipi ni ipi. Nusu ya darasa walikosea. Kisha kijana mmoja akasimama: "Mwalimu, kama kompyuta imeelekezwa na watu ambao wameshaziona picha za darubini, kufanana kwake kunathibitisha nini?" Sikuwa na jibu. Naomba msaada.

Jibu: Mwalimu mwenzangu, nimelisoma swali la kijana wako mara tatu, na kabla ya jambo lolote naomba umfikishie pongezi zangu. Watu wanaofanya kazi hii maisha yao yote hulala na swali hilo na kuamka nalo. Kwa kifupi, picha mbili kufanana hakuthibitishi kitu. Fundi mzuri wa rangi naye angeweza kukuchorea galaksi ikakudanganya. Kazi inaanza pale unapochukua maelfu ya galaksi za kompyuta, ukazitazama kwa jicho bovu lilelile la darubini, ukazipima kwa rula ileile, halafu ukauliza kama zinafanana na maelfu ya angani katika mambo ambayo watengenezaji hawakuyagusa. Ngoja nieleze kwa kirefu, kwa sababu kila neno hapo lina kisa chake.

Anza na ungo. Siku ya kipindi nenda nao darasani, uuinue mbele ya wanafunzi. Ukiwaelekea uso kwa uso, wanaona duara. Uinamishe kidogo, wanaona duaradufu. Ulaze usawa wa macho yao, wanaona mstari. Ungo ni uleule. Galaksi nyingi, ikiwemo hii yetu, ni za namna ya ungo: nyota, gesi na vumbi vimetandazwa kwenye sahani nyembamba, na katikati pana kitumbo. Nyingine zimekaa kama yai. Sasa kilima usichokifahamu unaweza kukizunguka kwa miguu ukauona mgongo wake. Galaksi haizungukiki. Tumepewa upande mmoja, na wajukuu wa wajukuu zetu watauona upande huohuo.

Edwin Hubble alipozipanga galaksi kwa maumbo mwaka 1926 alilijua tatizo hili. Zile za duaradufu alizipa madaraja kuanzia E0, inayoonekana mviringo, hadi E7, iliyobonyea kuliko zote, na namba hiyo inatokana na uwiano wa upana na urefu wa picha. Galaksi ya E0 inaweza kuwa tufe kweli, au ikawa yai lililotuelekezea ncha. Zenye mikono iliyojisokota akazigawa mafungu mawili, zenye ufito wa nyota katikati na zisizo nao. Baadaye ikaongezwa aina ya S0, ya umbo la dengu, ambayo sahani inayo ila mikono haina. Zilizobaki, zisizo na mpangilio, zikawekwa pembeni. Karibu miaka mia imepita na bado tunayatumia majina hayo.

Upande wa kompyuta una historia ambayo wanafunzi wako wataipenda. Mwaka 1941, wakati hakuna kompyuta ya kumsaidia, Erik Holmberg wa Sweden alipanga balbu 74 mezani, 37 kwa kila galaksi, akataka kujua galaksi mbili zikipitana karibu zinafanyana nini. Kwa nini balbu? Kwa sababu mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, na graviti nayo hupungua kwa mraba wa umbali. Ukipima mwanga unaofika mahali ilipo balbu moja kutoka kwa nyingine zote, umepata mvuto wa graviti mahali hapo. Akapima, akazisogeza balbu, akapima tena. Mwaka 1972 ndugu wawili, Alar na Juri Toomre, wakitumia kompyuta halisi, walionyesha kwamba mikia mirefu na madaraja ya nyota tunayoyaona kwenye galaksi zilizogongana yanaweza kuzaliwa na mvutano huo peke yake. Hapo umbo la kompyuta na umbo la angani vilikutana kwa mara ya kwanza kwa namna iliyowashawishi wengi.

Uigaji wa siku hizi, yaani ulimwengu wa mfano unaoendeshwa ndani ya kompyuta, ni mkubwa zaidi. Illustris, uliotolewa mwaka 2014, ni mchemraba wa ulimwengu wenye upande wa miaka ya mwanga milioni 350 hivi (mwaka wa mwanga ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Unaanza muda mfupi baada ya Mlipuko Mkuu, na kompyuta inaachiwa iendeshe graviti, gesi na maada giza, ile isiyoonekana lakini yenye mvuto, hadi leo. Hakuna anayechora galaksi. Zinajijenga zenyewe kutokana na gesi inayoporomoka. EAGLE ulifuata mwaka 2015, kisha mwaka 2018 ukaja IllustrisTNG, mrithi wa ule wa kwanza. Huko unaweza kuizunguka galaksi kama unavyozunguka kilima, na ndiyo raha yake, lakini pia ndipo mtego ulipo. Mtu akitafuta pembe nzuri ya kupigia picha, atapata galaksi za kupendeza kuliko zile ambazo anga limetupa. Kwa hiyo mlinganishaji mwaminifu huzipiga zote kutoka upande mmoja wa mchemraba, na kila galaksi inaonekana kama ilivyoangukia, mfano wa zabibu zilizomwagwa mezani.

Halafu anafanya jambo ambalo mwanzoni humshangaza kila mtu: anaiharibu picha. Picha iliyotoka kwenye kompyuta ni safi mno. Darubini haijawahi kuona hivyo na haitaona. Kwanza anaongeza vumbi. Wewe na mimi tunaishi kanda ya kati, tunalijua vumbi. Mwezi wa tisa upepo ukipiga, jua linazama jekundu na hafifu, kwa sababu vumbi huzuia mwanga wa bluu kuliko mwekundu. Ndani ya galaksi ni hivyohivyo, na galaksi iliyolala ubavu huonekana na mkanda mweusi katikati, vumbi lake lenyewe likiwa limeikata. Zipo programu zinazofuatilia mwanga ukisafiri ndani ya vumbi hilo, ukinyonywa na kutawanywa. Pili anaongeza ukungu wa hewa na wa kioo. Darubini ya mita 2.5 ya Apache Point huko New Mexico, iliyopiga picha za SDSS, mradi wa kupiga picha sehemu kubwa ya anga, iliona nyota kama doa lenye upana wa zaidi kidogo ya sekunde moja ya pembe, yaani sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja. Kwa galaksi iliyo umbali wa miaka ya mwanga milioni 700, doa hilo lina upana wa miaka ya mwanga elfu nne hivi, na chochote kilicho kidogo kuliko hapo kinafutika. Tatu anaongeza chengachenga, kama zile za televisheni isiyoshika stesheni, na mwishowe anaitumbukiza galaksi hiyo ndani ya picha halisi ya anga, ikae na majirani wake na nyota zilizopita mbele yake. Sasa zote mbili zina maradhi yaleyale, na ndipo haki ya kuzilinganisha inapatikana.

Kupima kwenyewe kuna njia ambazo wanafunzi wako wanaweza kuzifanya kwa karatasi. Zungusha picha ya galaksi nyuzi 180 kuzunguka kitovu chake, kisha iondoe kwenye picha ya awali. Kinachobaki ndicho kipimo cha ukosefu wa ulinganifu. Galaksi ya duaradufu iliyotulia haibakishi karibu kitu, na iliyogongwa na mwenzake inabakisha mengi. Kipimo kingine ni cha mrundikano. Tafuta nusu kipenyo chenye asilimia 20 ya mwanga wote, na chenye asilimia 80, chukua logi ya uwiano wao kwa kizio cha 10, zidisha kwa 5. Sahani tupu hutoa kati ya 2.5 na 3, na galaksi kubwa za duaradufu hufika 4 hadi 5. Ikiwa 5, maana yake nusu kipenyo cha pili ni mara kumi ya kile cha kwanza, yaani mwanga umejazana katikati. Kuna pia namba iliyoazimwa kutoka kwa wachumi, ya Corrado Gini wa Italia, iliyobuniwa kupima tofauti ya kipato katika jamii. Badala ya watu weka pikseli, yaani nukta za picha, badala ya shilingi weka mwanga. Pikseli zote zikigawana sawasawa ni sifuri, pikseli moja ikihodhi mwanga wote ni moja. Naipenda namba hii kwa sababu haiulizi kitovu cha galaksi kiko wapi, na galaksi zilizovurugika hazina kitovu cha kueleweka.

Macho ya watu nayo yametumika, na hapa nina kisa cha kumpa kijana wako. Mwezi Julai 2007 ulianzishwa mradi wa Galaxy Zoo, ambamo mtu yeyote mwenye intaneti aliombwa kutazama picha za SDSS na kusema galaksi ni ya umbo gani. Zaidi ya watu 100,000 walijitokeza, na galaksi karibu 900,000 zikapitiwa. Katika majibu yao, galaksi zinazozunguka kinyume cha saa zilionekana kuwa nyingi kuliko zinazozunguka kama saa. Je, ulimwengu una upande unaoupenda? Wakachukua picha zilezile, wakazigeuza kama kwenye kioo, wakaziweka tena. Watu wakaendelea kusema kinyume cha saa. Upendeleo ulikuwa kwenye jicho la binadamu, anga halikuwa na kosa. Tangu hapo sioni kwa nini mtu aamini macho yake pasipo kuyapima kwanza.

Macho hayohayo yakapewa galaksi za Illustris, zilizokwisha kuharibiwa kama nilivyoeleza. Kwa galaksi kubwa sana, zenye nyota za uzito wa zaidi ya majua bilioni 100, zilifanana vizuri na za SDSS. Chini ya hapo mambo yakaharibika: watu waliona mikono, mafundo na mikwaruzo kwenye galaksi za kompyuta mara nyingi kuliko kwenye za angani. Sababu moja ni ya kinyonge, na ni muhimu kwa hilohilo. Kompyuta haiwezi kubeba kila nyota. Katika Illustris, chembe moja ya nyota inasimama badala ya majua yapatayo milioni moja. Chembe hiyo ikiwa changa inang'aa kwa nguvu mahali pamoja, wakati angani mwanga huo ungetawanyika kwenye vikundi vingi vidogo. Ni uji uliopikwa kwa unga usiochekechwa, mabonge yanaonekana. Toleo la TNG50 lina chembe ndogo zaidi, za majua chini ya 100,000, lakini gharama yake ni mchemraba mdogo, wenye galaksi chache za kulinganisha. Huwezi kupata vyote viwili, na anayesoma matokeo lazima aulize kwanza chembe ina uzito gani.

Sasa nirudi kwa kijana, maana hoja yake yenyewe sijaigusa. Ni kweli kwamba kompyuta imeelekezwa. Nyota zinavyozaliwa, supanova zinavyolipuka na kusukuma gesi nje, shimo jeusi la katikati linavyopasha joto mazingira yake, yote hayo hutokea kwenye mizani midogo ambayo mchemraba hauwezi kuiona, hivyo watengenezaji huweka kanuni za kukadiria zenye namba za kurekebishwa. Na namba hizo hurekebishwa kwa kutazama anga. Wa EAGLE walirekebisha zao mpaka idadi ya galaksi za kila uzito na ukubwa wa sahani zao vikalingana na vya leo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba EAGLE ni sahihi kwa kuwa sahani zake zina ukubwa sahihi, mkatalie. Huyo anamsifu mwanafunzi kwa swali aliloonyeshwa jibu kabla ya mtihani. Lakini hakuna aliyerekebisha namba ili galaksi zipate mikono, au ili asilimia fulani ziwe mayai na nyingine ziwe ungo, au ili ukosefu wa ulinganifu uwe kiasi hiki. Hayo yanatoka yenyewe. Hapo ndipo pa kumtahini.

Na zikishindwa mtihani tunajua pa kutazama. Miaka ya tisini galaksi za kompyuta zilitoka na sahani ndogo mno na vitumbo vikubwa mno, kwa sababu gesi ilipoa haraka, ikajikusanya mafungumafungu, ikapoteza mzunguko wake na kudondokea katikati. Kosa hilo lilikuja tena na tena mpaka likawalazimisha watu kukubali kwamba milipuko ya nyota husukuma gesi nje kwa nguvu kuliko walivyofikiri. Illustris nao ulikuwa na kosa lake: galaksi zake ndogo zilikuwa na ukubwa wa karibu mara mbili ya zile za angani. Katika TNG kanuni za pepo zinazosukuma gesi nje zikaandikwa upya.

Mwaka 2019 galaksi za TNG zikapimwa sambamba na picha za darubini ya Pan-STARRS ya Hawaii, kwa programu moja na vipimo vilevile. Kwa jumla maumbo yalilingana vizuri, na kuliko ya Illustris. Lakini watafiti wenyewe, ambao baadhi yao ndio walioujenga uigaji huo, wakaandika wazi palipogoma. Angani, rangi na umbo huenda pamoja: galaksi nyekundu, zilizoacha kuzaa nyota, mara nyingi ni mayai, na za bluu ni sahani. Katika TNG kamba hiyo imelegea, unakutana na sahani nyekundu na mayai ya bluu kupita kiasi. Tena angani, kwa uzito uleule, sahani huwa pana kuliko mayai, na TNG haikuionyesha tofauti hiyo. Mimi nayaona haya kuwa matokeo ya thamani kuliko kule kufanana. Yanatuambia kwamba kinachozima uzazi wa nyota na kinachobadilisha umbo vimefungamana angani kwa namna ambayo kanuni zetu bado hazijaikamata.

Kuna sehemu moja zaidi ambapo ungo unatusaidia, nayo ni ya miaka hii. Darubini ya James Webb ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021, na tangu picha zake za kwanza za Julai 2022 tumeona galaksi za zamani sana zenye umbo la sahani, nyingi kuliko zilivyoonekana kwa darubini ya Hubble. Moja ya sababu ni kwamba mawimbi ya mwanga wa galaksi hizo yamevutwa yakawa marefu. Hubble ilikuwa ikiona mwanga wa nyota changa tu, mafundomafundo, na Webb inaona hadi nyota zilizokomaa chini yake. Ila tahadhari: kinachoonekana kirefu na chembamba kinaweza kuwa ungo uliolala ubavu, na kinaweza kuwa gunzi la mhindi. Baadhi ya uigaji ulikwishatabiri kwamba galaksi changa na ndogo zinaanza maisha kama magunzi. Kwa galaksi moja hutajua. Kwa mamia utajua, kwa kuhesabu tu. Ungo mwembamba ukigeuzwa ovyo hutoa uwiano wa upana kwa urefu uliosambaa sawasawa kati ya sifuri na moja, kwa hiyo robo nzima ya vivuli vyake itakuwa karibu na mviringo, juu ya 0.75. Gunzi huonekana mviringo pale tu linapokuelekezea ncha, na hilo hutokea kwa nadra. Watafiti walipozihesabu galaksi za zamani zenye uzito mdogo kwenye picha za Webb, za mviringo zilikuwa chache kuliko ambavyo sahani zingetoa. Ubishi unaendelea, maana galaksi hafifu zinazotuelekea uso kwa uso ni rahisi kukosekana kwenye picha kwa sababu mwanga wake umetandazwa mwembamba.

Jaribuni wenyewe. Zima taa, weka tochi mbali, upande mmoja wa darasa, ili kivuli kisipotoke. Mwanafunzi mmoja afumbe macho augeuzegeuze ungo kila upande, mwingine apime upana na urefu wa kivuli ukutani. Mara 40 kwa ungo, mara 40 kwa gunzi. Chora grafu mbili. Kisha mpe kijana wako grafu ya tatu ambayo umeitengeneza kwa siri kwa kuchanganya vivuli vya vyote viwili, akuambie mchanganyiko ni wa kiasi gani kwa kiasi gani. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, imepunguzwa tu.

Na mwisho wa mwezi wa kumi, kabla mawingu ya mvua hayajaanza, watoe nje usiku usio na mwezi, mbali na taa za mji, saa nne na nusu hivi. Kusini, chini kiasi, wataona mawingu mawili hafifu yasiyosogea. Ni galaksi za Magellan, moja ikiwa umbali wa miaka ya mwanga 160,000 hivi na nyingine 200,000. Edwin Hubble angeziweka kundi la zisizo na mpangilio. Kisha wageuke kaskazini, karibu nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Kuna doa la ukungu lililorefuka, hafifu, linaloonekana vizuri zaidi ukilitazama kwa pembe ya jicho. Hiyo ni Andromeda, umbali wa miaka ya mwanga milioni 2.5, ungo kama wetu. Usiwaambie. Waulize umeinama kwa nyuzi ngapi kutoka uso kwa uso, waandike makadirio yao kwenye madaftari, halafu kesho yake darasani uwape jibu: 77.